Inflamesheni na uvimbe ni mambo mawili

Pakiti za unga wa mlonge huuzwa na maneno haya: “Huzuia uvimbe, huondoa sumu mwilini.” Mama mwenye uvimbe kwenye kizazi akiyasoma, ataamini dawa yake imepatikana. Kumbe watafiti wa mlonge walichopima ni inflamesheni.

Inflamesheni ni namna mwili unavyopambana na jeraha, vijidudu au kemikali inayouchokoza. Mishipa midogo ya damu hutanuka, majimaji na seli nyeupe za damu zikapenya kwenye nyama. Mwandishi Mrumi Celsus alitaja dalili zake nne: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Uvimbe basi ni dalili moja tu kati ya hizo. Uvimbe wa kizazi ni nyama iliyoota, nao una chanzo chake na tiba yake.

Tazama kipimo chenyewe, kilichochapishwa mwaka 1962 na kutumika hadi leo. Panya wa maabara hupewa dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye majani, kisha hudungwa karajinani chini ya ngozi ya unyayo wa nyuma. Karajinani hutokana na mwani mwekundu, jamii ya ule unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar. Unyayo huvimba, na mtafiti huupima saa baada ya saa, akiulinganisha na wa panya waliopewa indometasini, dawa ya hospitali inayotuliza inflamesheni, na wa wale ambao hawakupewa dawa yoyote. Kinachopimwa hapo ni uvimbe wa saa chache.

“Kuondoa sumu” nako kumepotoka. Istilahi inayofaa ni kizuia oksidisho. Katika kipimo cha DPPH, dawa ya majani huchanganywa na kimiminika cha zambarau iliyokolea chenye radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na jozi. Dawa ikizituliza, zambarau hufifia na kuwa njano, na mashine husoma badiliko hilo kwenye mawimbi ya nanomita 517. Yote hutokea ndani ya chupa. Hakuna mwili uliosafishwa.

Ndiyo maana napendekeza tuandike “hutuliza inflamesheni” na “kizuia oksidisho”, tena tueleze kama kipimo kilifanyika kwa panya, kwenye chupa au kwa binadamu. Mlonge ni mboga nzuri na unastahili utafiti zaidi. Lakini mwenye uvimbe kwenye kizazi aende hospitali akapimwe. Pakiti ya unga isimcheleweshe.