Nafasi tupu zilizoangusha tovuti

Tarehe 20 Julai 2016 tovuti ya Stack Overflow, kijiwe cha watengeneza programu wa dunia nzima, ilizimika kwa dakika 34. Hakukuwa na mdukuzi wala virusi. Mtu alibandika andiko lenye nafasi tupu kama 20,000 mfululizo, basi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1951 mwanahisabati wa Marekani, Stephen Kleene, alikuwa akichunguza mifano ya kihisabati ya mishipa ya fahamu (McCulloch na Pitts waliibuni mwaka 1943). Akapata namna ya kuandika kanuni za mfuatano wa alama. Mwaka 1968 Ken Thompson akaigeuza hesabu hiyo kuwa chombo cha kutafuta maneno, na mwaka 1973 ikaja grep ya Unix. Ndiyo rejeksi hiyo.

Utamu wake? Andika (m|wa)toto, unapata mtoto na watoto kwa mpigo. Ukitafuta "toto" kwa njia ya kawaida, utaletewa na kitoto na majitoto yote! Lakini kama unajua mwaka umekaa kwenye herufi 4 za mwanzo za tarehe, rejeksi ya nini? Kata hizo 4, endelea na safari.

Njia ya Thompson ilifuata uwezekano wote kwa pamoja, ikisoma kila herufi mara moja. Injini nyingi zilizofuata, ya Perl (1987) ikiwemo, hujaribu njia moja. Ikigoma, zinarudi nyuma kujaribu nyingine. Zina madoido zaidi, sikatai, ila kuna siku unalipa.

Stack Overflow walitumia rejeksi kufuta nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa mstari. Zile 20,000 hazikuwa mwishoni, mbele yake kulikuwa na herufi nyingine. Injini ikahesabu 20,000, ikakwama, ikaanza upya kutoka ya pili: 19,999. Halafu 19,998. Jumla, ukaguzi karibu milioni 200! Andiko lenyewe lilikuwa limeorodheshwa kwenye ukurasa wa mwanzo, na ukurasa huo ndio uliotumika kupima uhai wa seva. Seva zote zikaonekana maiti.

Mafundi walitumia dakika 10 kumjua mchawi, 14 kuandika msimbo mpya na 10 kuusambaza. Na huo msimbo mpya? Waliitupa rejeksi ile, wakaweka amri ya kawaida kabisa ya kukata kipande cha maandishi.