Kibaba, debe na lita

Mnunuzi wa mchele katika Unguja ya karne ya 19 alihitaji kujua jambo moja kabla ya kukubali bei: anapimiwa kibaba cha tele au kibaba cha mfuto? Cha tele hurundikwa mpaka punje zinaporomoka pembeni. Cha mfuto hupitishwa kiganja au kijiti juu ya mdomo wa chombo, kilichozidi kikarudi guniani. Chombo ni kilekile, lakini chakula kinachofika jikoni sicho.

Vipimo vyenyewe vilikuwa na mpango mzuri sana. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kibaba cha nafaka kilikaribia ratili moja na nusu, hivyo pishi ikawa kama ratili sita, sawa na kilo 2.7 hivi. Asiyejua kuandika aliweza kugawa na kuzidisha kwa mbili bila kukosea. Hata ibada iliingia humo: zaka ya fitri, ambayo sharia huihesabu kwa saa moja yenye mudi nne, watu wa pwani waliitoa kwa pishi ya chakula kwa kila mtu wa nyumba. Kasoro ilikuwa moja, nayo kubwa. Pishi ya mji huu haikulazimika kulingana na pishi ya mji ule, na hapakuwa na chombo mama cha kuamulia ugomvi.

Ufaransa iliteswa na maradhi hayohayo. Huko nako wakulima walilalamika kwamba nafaka ya kodi ilipokewa kwa kipimo cha kurundika, na vyombo vyenye jina moja vilitofautiana ujazo kutoka wilaya hadi wilaya. Serikali ya mapinduzi ikatunga sheria ya tarehe 7 Aprili 1795, na ndani yake ikaizaa lita: ujazo wa mchemraba ambao kila upande wake ni sehemu ya kumi ya mita. Hapo ndipo penye ubora wa lita. Mwenye rula anaweza kuikagua mwenyewe, kwa kutengeneza kisanduku cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10. Sentimita moja ya ujazo ni mililita moja. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Mwaka 1901 wataalamu waliifunga lita kwenye kilo moja ya maji safi, ikazidi mchemraba ule kwa kiasi cha sehemu 28 katika milioni. Mwaka 1964 wakairudisha kwenye mchemraba.

Tanganyika iliipokea lita mapema, kwa kuwa Ujerumani, iliyoitawala wakati huo, ilikwisha kutumia vipimo vya mita tangu 1872. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakaleta galoni na painti, na lita ikarejea rasmi baada ya uhuru. Watu wa kawaida, wakati huo wote, walikuwa na chao: debe. Hilo lilikuwa bati la mafuta ya taa lenye galoni nne, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha, debe lilichota maji, likapima mahindi, likabeba pombe. Ndoo ya plastiki ya lita 20 imelizidi karibu lita mbili. Na uniti moja kwenye bili ya maji ya Dar es Salaam ni mita moja ya ujazo, sawa na ndoo hizo 50.

Kwa vitu vya maji lita ilikata mzizi wa ugomvi, maana maji hayarundikiki. Nafaka ni habari nyingine. Lita ya maji ina uzito wa kilo moja hivi. Lita ya mahindi au unga haifiki hapo, na ukikitikisa chombo, unga hushuka na nafasi ya nyongeza hupatikana. Katika masoko ya Kenya, gorogoro, yaani kopo la kupimia nafaka, likibonyezwa kitako humpunja mnunuzi mdogo. Tanzania anayepunjwa ni mkulima: gunia la lumbesa huongezewa kilemba juu ya mdomo, likashonwa kwa kamba, na bei ikabaki ya gunia moja. Sheria inataka mazao yapimwe kwa mizani, lakini huko shambani mara nyingi mizani haipo, na mwenye lori ndiye anayekuja na magunia yake.