Kipokezi cha insulini

Kipokezi cha insulini ni protini iliyopenya utando wa seli, hasa za misuli, ini na mafuta, na ndiyo inayofikisha ndani ya seli ujumbe wa insulini iliyo kwenye damu. Kina sehemu mbili za alfa upande wa nje na mbili za beta zinazovuka utando hadi ndani.

Chukulia mtu aliyekunywa chai ya sukari na kula vitumbua asubuhi pale Magomeni Mapipa, Dar es Salaam. Glukosi inapanda katika damu, kongosho linamwaga insulini. Insulini ikishika alfa, kipokezi hubadilika umbo na beta zake hupachikiana fosfati kwenye asidi amino ya tairosini. Fosfati hizo huvuta protini ya IRS, nayo IRS huamsha kimeng'enya cha PI3K, na kazi huishia kwa kimeng'enya cha AKT, kinachovipeleka vifuko vya GLUT4, protini inayopitisha glukosi, kwenye utando wa seli ya misuli. Sukari ya damu hushuka. Kuzima ishara nako kuna wenyewe, nao ni vimeng'enya: PTP1B hung'oa fosfati za kipokezi, PTEN hutengua kazi ya PI3K. Wengi huwapuuza wazimaji hawa, ilhali PTEN ikiharibika seli huendelea kupewa amri ya kukua, na saratani kadhaa huanzia hapo.

Katika kisukari aina ya 2 insulini ipo, tena mwanzoni huwa nyingi. Mafuta yakijazana kwenye ini na misuli, IRS hupachikwa fosfati kwenye serini badala ya tairosini, na ujumbe hufifia njiani. Kongosho hufidia kwa miaka bila mtu kuumwa popote. Ndiyo maana wengine hujua wana sukari siku wanapopeleka hospitalini kidonda cha mguu kisichopona. Kipimo cha glukosi ya damu cha 7.0 mmol/L au zaidi kabla ya kula chochote, kikirudiwa na kuthibitika, ndicho kisukari.

Mji una mchango wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha Ilala, jirani wa Magomeni, na kijiji cha Shari mkoani Kilimanjaro: Ilala karibu watu wazima 6 kwa kila 100 walikuwa na kisukari, Shari hawakufika 2. Unene na kutotembea vilitajwa miongoni mwa sababu.

Kutembea kuna njia yake ya pekee. Msuli unaofanya kazi hupandisha GLUT4 bila kungoja insulini, kwa kupitia kalisi na protini ya AMPK, kwa hiyo anayeshuka Jangwani kwa miguu kwenda Kariakoo, akaliacha basi la mwendokasi limpite, hupunguza glukosi hata kama vipokezi vyake havisikii vizuri. Metformini, dawa ya kisukari aina ya 2, nayo haigusi kipokezi. Kazi yake kubwa ni kupunguza glukosi inayotengenezwa na ini. Mgonjwa wa kisukari aina ya 1 vipokezi vyake ni vizima, kilichokosekana ni insulini yenyewe, na hana budi kuchomwa sindano kila siku.