Kura Kuhesabiwa, Kura Kuwakilishwa: Hoja ya Uwiano kutoka Mnazi Mmoja

Ukitoka viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, kuufuata Mtaa wa Lumumba, unaingia mtaa ambako chama cha TANU kilizaliwa Julai 1954, ulipokuwa ukiitwa New Street. Januari 1958, huko Tabora, chama hicho kilijadili kama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Waafrika, waliokuwa karibu wananchi wote, walitengewa theluthi tu ya viti vya kuchaguliwa. TANU ilishiriki, ikashinda, na baadaye utaratibu ule ukaachwa. Kanuni ya kugeuza kura kuwa viti, basi, hutungwa na watu, na watu wana haki ya kuihoji.

Kanuni ya leo ni jimbo moja, mbunge mmoja: anayeongoza kwa kura huchukua kiti hata asipofikisha nusu. Matokeo ya ubunge ya 1995 yanaonyesha athari zake. CCM ilipata takriban asilimia 59 ya kura na viti 186 kati ya 232 vya majimbo, yaani asilimia 80. NCCR-Mageuzi, kwa karibu asilimia 22, iliambulia viti 16. CUF, kwa asilimia 5 hivi, ilipata 24, kwa kuwa wafuasi wake walijikusanya Zanzibar, kwenye majimbo yenye wapiga kura wachache; wale wa NCCR walitawanyika Bara. Ni kweli kwamba uchaguzi wa Dar es Salaam ulifutwa, ukarudiwa Novemba 19, na upinzani ukasusia. Lakini majimbo 7 ya jiji hayatoshi kueleza pengo kubwa kiasi hicho.

Viti maalumu vya wanawake navyo viligawanywa wakati ule kwa kufuata viti vya majimbo: CUF ikapewa 4, NCCR 3. Upotofu ukazaa upotofu. Sasa Ibara ya 78 ya Katiba inavigawa kwa uwiano wa kura, kwa vyama vilivyofikisha asilimia 5. Hayo ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo mgawo huo hufanyika kando: aliyezidishiwa majimboni hupokea fungu lake kamili tena, na aliyepunjwa hafidiwi. Ndiyo maana mwaka 2015 CCM, kwa takriban asilimia 55 ya kura za ubunge, ilibaki na karibu viti 7 kati ya kila 10 bungeni.

Watetezi wa mfumo huu husema mwananchi anahitaji mbunge anayemjua. Hoja hiyo ni nzito: mchuuzi wa Kariakoo mwenye kero ya soko hawezi kuipeleka kwa orodha ya chama. Lakini Lesotho imeonyesha kwamba si lazima kuchagua kimoja. Baada ya chama kimoja kutwaa viti 79 kati ya 80 kwa takriban asilimia 61 ya kura mwaka 1998, na nchi kuingia machafuko, uchaguzi wa 2002 ulibakiza majimbo 80 na kuongeza viti 40 vya kufidia vyama vilivyopunjwa.

Tanzania haihitaji kuanza upya. Viti maalumu tayari vinahesabiwa kwa kura. Vikigawanywa kwa kufidia, vitabaki vya wanawake na vitarudisha uwiano. Aliyepanga foleni tangu alfajiri akashindwa jimboni bado ni raia, na Bunge linalomsahau halijakamilika.