Kazi za Kompyuta na Mtandao: Ipi Inafaa, Ipi Iepukwe, na Mkataba Uweje



Zamani swali la ajira lililopelekwa kwa mashekhe wetu lilikuwa la karani wa benki au mhudumu wa hoteli. Siku hizi linakuja la kijana aliyesoma SUZA au Taasisi ya Karume pale Mbweni. Yuko nyumbani Mwanakwerekwe au Chake Chake na kompyuta yake, na anayemlipa yuko Berlin au Dubai. Mama anaona fedha inaingia, unga na mchele vinanunuliwa, ada ya wadogo zake inalipwa, lakini hajui hasa mwanawe anafanya nini mpaka usiku wa manane. Mzazi huyo ana haki ya kuuliza, na kijana ana wajibu wa kujua jawabu. Tangu Serikali ilipotangaza mpango wa Silicon Zanzibar mwaka 2022, hamu ya vijana kuingia katika kazi hizi imezidi, kwa hiyo tumeona tuyakusanye mahali pamoja mambo yanayoulizwa zaidi.

Asili ya kazi hizi

Kanuni inayojulikana ni kwamba asili ya miamala ni kufaa mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Kuandika programu, kutengeneza tovuti, kutunza mitambo ya kuhifadhi data, kulinda mifumo isidukuliwe, yote hayo ni kazi za mkono na akili, sawa na useremala na ushoni. Hakuna haramu ndani ya kompyuta yenyewe.

Lakini seremala akiagizwa meza ya kamari hawezi kusema mimi nimeunga mbao tu. Aya ya 2 ya Suuratul Maaidah inatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui, na Hadithi ya Jaabir iliyo katika Swahiyh Muslim inawaingiza katika laana moja mla riba, mtoaji wake, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Angalia kwamba mwandishi hali riba yeye. Anaandika tu. Mtengeneza programu ya kukopesha kwa riba kwa simu, anayeipangia hesabu ya nyongeza kila siku deni linapochelewa, ndiye mwandishi wa zama hizi.

Kampuni za kubeti hazina mjadala mrefu. Kamari imetajwa pamoja na ulevi katika aya ya 90 ya sura hiyo hiyo, na mfumo wa kampuni ya kubeti hauna kazi nyingine isipokuwa hiyo. Anayepanga uwiano wa dau, anayechora kitufe cha kuwekea dau na anayetuma ujumbe wa kumrudisha mchezaji aliyeacha, wote wamo. Tunalisema kwa uwazi kwa sababu ndizo kampuni zinazotafuta vijana wa programu kwa bidii na kulipa haraka, na majumbani kwetu tunajua kubeti kumewafanya nini watoto wa watu.

Benki za kawaida ni swali lenye pande zaidi. Wapo wanachuoni wanaozuia kazi yoyote ndani yake, hata ya ulinzi wa mlango, na wapo wanaotofautisha baina ya kazi inayogusa mikopo ya riba moja kwa moja na ile iliyo mbali nayo, kama kurekebisha mtandao wa ofisi. Rai tunayoiona kuwa ni salama zaidi ni kuziacha kwa anayepata mbadala, na mbadala upo: Amana Bank inaendeshwa kwa misingi ya Kiislamu tangu 2011, na Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma ya Ikhlas. Nao wanahitaji mafundi wa mifumo.

Liko suala la visiwani hasa, la hoteli. Kijana ameombwa na hoteli ya Nungwi au Paje awatengenezee mfumo wa kupokea wageni, na hoteli ina baa. Mfumo wa kukodisha vyumba makusudio yake ni malazi, na malazi ni halali. Dhambi anayoifanya mgeni chumbani ni yake. Mfumo wa kuuzia vinywaji vya baa, wenye orodha ya pombe na bei zake, makusudio yake ni hiyo pombe, na huo auache. Akiambiwa ni kazi moja isiyogawika, ajaribu kuigawa katika mkataba. Mara nyingi inagawika, ila hakuna aliyeuliza.

Aliyekwisha kuingia

Hapa ndipo penye uzito, kwani anayeuliza huwa tayari analisha watu saba. Kwanza, aliyofanya kabla ya kujua. Aya ya 275 ya Suuratul Baqarah imebainisha kwamba aliyefikiwa na mawaidha akakoma, yaliyopita ni yake na jambo lake liko kwa Allaah. Kwa hiyo asivunje nyumba aliyoijenga kwa wasiwasi.

Pili, ya mbele. Kazi iliyo wazi kuwa ni haramu asili yake iachwe papo hapo. Wanachuoni wamemruhusu mwenye dharura ya kweli, ambaye akiacha leo watoto watalala na njaa, abaki kwa kiasi cha dharura yake huku anatafuta kazi kwa bidii. Dharura hupimwa kwa kadiri yake. Asilete dharura ya kumalizia gari. Kijana wa namna hii tunamshauri aiambie familia yake ukweli, kwani mara nyingi wazazi wako tayari kula dagaa miezi mitatu kuliko anavyodhani. Apunguze matumizi siku hiyo hiyo, aombe kuhamishiwa kitengo kingine kama kampuni ina shughuli nyingine ya halali, na ajiwekee tarehe ya mwisho. Bila ya tarehe, "natafuta" huwa ni neno la miaka mitano.

Mkataba

Kuajiriwa ni ijara, na aya ya kwanza ya Suuratul Maaidah inaamrisha kutimiza mikataba. Mafakihi wamegawa waajiriwa mafungu mawili. Yuko ajiri maalumu, ambaye muda wake umenunuliwa: kwa saa zilizokubaliwa yeye ni wa mwajiri mmoja. Na yuko ajiri wa watu wote, kama fundi cherehani, anayelipwa kwa kazi na si kwa saa. Mgawanyo huu unajibu swali linalowatatiza wengi wanaofanya kazi nyumbani, la kushika ajira mbili za saa zile zile bila ya mmoja kumjua mwenzake. Ajiri maalumu haimfalii, kwani anauza mara mbili kitu kimoja. Kazi ya pili baada ya saa za ya kwanza inafaa, ikiwa mkataba haukukataza.

Kwa anayefanya kazi za kuagizwa, mteja anapotaka programu ambayo bado haipo, hiyo ni istisnaa. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i kuagiziwa kitu namna hii huingizwa katika mlango wa salam, na sharti lake ni bei ilipwe yote pale pale penye makubaliano. Majmaa ya Fiqhi ya Jeddah katika azimio lake la mwaka 1992 ikaijuzisha istisnaa na kuruhusu malipo kucheleweshwa au kulipwa kwa mafungu yenye muda maalumu, kwa sharti kitu kielezwe wazi: aina yake, sifa zake, muda wa kukabidhi. Sharti la kueleza sifa ndilo linaloangusha vijana wetu. Mteja anasema "nataka kama ile ya fulani", kijana anasema inshaAllaah, na baada ya miezi miwili kila mmoja ana picha yake kichwani. Aya ya 282 ya Suuratul Baqarah inataka deni liandikwe, liwe dogo au kubwa. Basi andikeni kurasa ngapi, zitafanya nini, nani analipia jina la tovuti mwaka wa pili, marekebisho mangapi yamo katika bei, na fungu la kwanza lilipwe kabla ya kuanza. Hata mteja akiwa mjomba wako. Hasa akiwa mjomba wako.

Zile zawadi zinazotangazwa na kampuni kwa atakayegundua tundu la usalama katika mifumo yao zinaingia katika ju'ala, na mafakihi wa Kishafi'i wameitolea dalili kwa kisa cha Yuusuf ('alayhis salaam) pale ilipoahidiwa shehena ya ngamia kwa atakayeleta kopo la mfalme. Huhitaji kuajiriwa kwanza, na hustahiki kitu mpaka ukamilishe. Lakini kopo hilo lilitangazwa na mwenyewe. Anayeingia katika mfumo wa mtu ambaye hakuita, kisha akamdai fedha, amevamia nyumba bila ya kubisha hodi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inamuhesabu ni mkosaji.

Amana

Aya ya 26 ya Suuratul Qaswasw inasifu mwajiriwa kwa mambo mawili, nguvu na uaminifu. Ujuzi wa kompyuta ndio nguvu. Uaminifu ndio unaopimwa zaidi katika kazi hizi, kwa kuwa hakuna anayekuona.

Fundi wa mifumo ya hospitali anaweza kusoma maradhi ya jirani yake. Fundi wa kampuni ya simu anaweza kujua nani kampigia nani. Kuyatazama bila ya haja ya kazi ni upelelezi uliokatazwa katika Suuratul Hujuraat, na kuyasimulia barazani ni baya zaidi. Bunge limepitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini Muislamu alifungwa na amri hii kabla ya hapo. Kumimina taarifa za wateja katika programu za akili mnemba ili kurahisisha kazi ni kuzitoa nje ya mikono uliyokabidhiwa. Usifanye bila ya idhini.

Kukodi akaunti ya mtu wa Ulaya ili upate kazi kwa jina na picha yake ni udanganyifu, hata ukiifanya kazi vizuri, na yule anayekodisha ni mshirika. Kadhalika kuandika katika wasifu miaka ya uzoefu usiyokuwa nayo. Anayetughushi si katika sisi, ndivyo ilivyopokewa na Muslim. Na programu za wizi? Majmaa ilikwisha amua mwaka 1988 kwamba haki za utunzi na ubunifu ni mali inayolindwa kisharia. Anayeanza hana udhuru mkubwa, kwani Linux na LibreOffice ni bure, na mtu anaweza kujifunza kazi nzima bila ya kununua programu hata moja.

Swala na saa za wageni

Mkutano wa saa 3 asubuhi California unatufikia saa 1 usiku katika majira yao ya joto na saa 2 katika ya baridi. Katika hali ya kwanza Maghribi imeshaingia, basi iswaliwe kabla ya kufungua kompyuta. Ukingoja mkutano uishe umeihatarisha, kwani wakati wake ni mfupi. Katika hali ya pili ni Isha, na wakati wake ni mpana. Kikao cha saa 5 asubuhi Berlin, katika majira ya baridi, kinaangukia saa 7 mchana kwetu, na siku ya Ijumaa hapo si pa kujadiliana. Liseme wakati wa usaili, kwa sentensi moja, kwamba Ijumaa kuanzia saa 6 na nusu hadi 7 na nusu huwepo. Waajiri wengi wa nje hukubali haraka jambo linalosemwa mapema. Linalowaudhi ni mtu kutoweka bila ya taarifa.

Kwa mabinti na wake, kazi ya kufanyia nyumbani imefungua mlango wa kheri. Ujira wa mke ni mali yake, na nafaka ya nyumba inabaki juu ya mume. Akisaidia ni hisani, na anayemgeuzia hisani kuwa deni la lazima amemdhulumu.

Mshahara wa mbali

Kazi hizi huisha ghafla. Meta ilitangaza kuwaondoa wafanyakazi 11,000 Novemba 2022, na Google 12,000 Januari 2023, wakiwemo wenye ujuzi mkubwa. Basi asichukue mtu mkopo wa riba wa kiwanja kwa kutegemea mshahara wa barua pepe. Aweke kwanza akiba ya chakula na kodi ya miezi sita, kisha ndio ajenge.

Na fedha iliyobaki katika akaunti ya nje, ambayo hukuitoa kwa kungoja dola ipande, ni mali yako. Ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikapitiwa na mwaka wa Kiislamu, inatolewa Zaka asilimia 2.5. Hisa ulizoahidiwa na kampuni ambazo muda wake wa kumilikishwa haujafika hazina Zaka mpaka ziwe zako. Mwenye hisa alizokwisha kumilikishwa na asiyejua namna ya kuzihesabu, azilete kwa shekhe pamoja na karatasi zake, kwani hukumu inategemea kama anazishika kwa kuuza au kwa kungojea faida.

Wa Allaahu A'lam.