Kinanda cha Kigeni, Nyimbo za Wenyeji

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo aliitaja piano. Alisema kwamba wengi miongoni mwa watu waliosoma walijua kupiga gitaa na piano, kisha akauliza ni wangapi kati yao waliojua kupiga ngoma za Kiafrika. Hakusema kwamba piano itupwe. Katika hotuba hiyo hiyo alieleza kuwa kujifunza kwa mataifa mengine ni jambo jema, mradi tusiuache utamaduni wetu wenyewe.

Swali hilo lingali linatuhusu sisi walimu na wanafunzi. Je, chombo cha kigeni kikiingia darasani, ni lazima kiingie pamoja na nyimbo za kigeni? Wahenga walisema kwamba mwacha mila ni mtumwa. Lakini je, apigaye chombo cha wageni amekwisha kuacha mila? Ili tupate jibu, yafaa tutazame piano ilivyozaliwa na ilivyofundishwa huko Ulaya. Maana Ulaya kwenyewe lilikuwako taifa lililolazimika kujiuliza swali kama hili, nalo ni Hungaria.

Kwanza tukumbuke kwamba lugha yetu haikubabaika ilipokutana na chombo hiki. Neno kinanda lilikuwako zamani, likitaja chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa vidole. Viliporuka vyombo vya kigeni kutoka ng'ambo hadi makanisani na majumbani, neno hilo hilo likapanuka, likaibeba na piano. Nayo piano ni chombo cha nyuzi kweli, ingawa nyuzi zake zimefichwa ndani ya sanduku.

Aliyeibuni ni fundi Mwitalia, Bartolomeo Cristofori, aliyezaliwa Padua mwaka 1655 na kufanya kazi Florence katika nyumba ya watawala wa ukoo wa Medici. Orodha ya vyombo vya nyumba hiyo ya mwaka 1700 inakitaja chombo chake kipya, chenye uwezo wa kutoa sauti ndogo na kubwa. Hilo ndilo lililokuwa jambo geni. Katika hapsikodi, kinanda kilichotawala wakati ule, kila uzi ulidonolewa na kijino, na mpigaji hata akibonyeza kwa nguvu namna gani sauti haikubadilika sana. Cristofori aliweka nyundo ndogo mahali pa kijino. Kibao kikibonyezwa, nyundo huruka, hupiga uzi, kisha huanguka mara moja ili uzi uendelee kulia. Mguso wa polepole hutoa sauti ya polepole. Mguso wa nguvu hutoa sauti ya nguvu. Piano tatu alizozitengeneza, za mwaka 1720, 1722 na 1726, zimehifadhiwa hadi leo katika majumba ya makumbusho ya New York, Roma na Leipzig.

Baada yake mafundi wa nchi nyingi walitia mkono. Mwaka 1821 ulisajiliwa mtambo wa Sébastien Érard uliowezesha kibao kimoja kupigwa upesi mara nyingi bila kusubiri kirudi juu kabisa. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alisajili fremu nzima ya chuma, iliyoweza kustahimili nyuzi zilizokazwa sana. Hatimaye piano ikafikia vibao 88 tuvijuavyo leo, 52 vyeupe na 36 vyeusi. Basi chombo kilichoanzia Italia kilikamilishwa Ujerumani, Ufaransa, Uingereza na Marekani, wala hakuna taifa moja liwezalo kusema kwamba ni lake peke yake.

Ufundi wa kufundisha nao ulikua pamoja na chombo. Johann Sebastian Bach aliwatungia wanawe na wanafunzi wake vipande vya kujifunzia. Mwaka 1723 alipoviandika kwa unadhifu vipande vyake 30 vya sauti mbili na vya sauti tatu, alieleza kwamba nia yake si kuvizoeza vidole tu, bali pia kumwonjesha mwanafunzi utunzi wenyewe. Mwanawe, Carl Philipp Emanuel, alitoa kitabu mwaka 1753 juu ya ufundi wa kupiga vinanda, akasisitiza matumizi ya kidole gumba, ambacho wapigaji wengi wa zamani walikiacha kikining'inia bila kazi.

Karne ya 19 ilileta haraka. Piano zilitengenezwa viwandani kwa wingi, wanafunzi wakaongezeka, na baadhi ya walimu wakataka njia ya mkato. Mwaka 1814 Johann Bernhard Logier, Mjerumani aliyefundisha Dublin, alisajili chombo cha kufungwa mbele ya vibao ili kuushikilia mkono wa mwanafunzi mahali pamoja. Mkono ulitulia, lakini mkono uliofungwa haujifunzi kujiongoza. Frédéric Chopin, aliyefundisha Paris kuanzia miaka ya 1830, alifuata njia nyingine. Hakumwanzisha mwanafunzi kwa vibao vyeupe vitupu. Alimpa kwanza mfululizo wa sauti ambao vidole virefu vya kati hulalia vibao vyeusi, na vile vifupi huangukia vyeupe. Alianza na umbo la mkono kama lilivyo, kisha akatafuta somo linalolingana nalo. Naye Robert Schumann, mwaka 1848, alitoa kitabu cha vipande 43 kwa ajili ya vijana, alichokianza kwa zawadi ya siku ya kuzaliwa ya binti yake mkubwa. Huyu alianza na moyo wa mtoto: michezo yake, hofu yake na furaha yake.

Hata hivyo mkono na moyo havikutosha. Lilibaki jambo la tatu, nalo ni sikio: mtoto amelelewa akisikia nini? Hapo ndipo tunapofika Hungaria.

Ludwig van Beethoven alimfundisha Carl Czerny. Czerny akamfundisha Franz Liszt. Liszt akamfundisha István Thomán. Na Thomán akamfundisha Béla Bartók katika chuo cha muziki cha Budapest, chuo ambacho Liszt mwenyewe alikuwa rais wake wa kwanza kilipoanzishwa mwaka 1875. Kwa silsila hiyo Bartók, aliyezaliwa mwaka 1881 na kuanzishwa piano na mama yake, alikuwa mrithi halali wa ufundi mkubwa kabisa wa Ulaya. Lakini ufundi huo ulikuwa na lafudhi ya Vienna. Wakati ule Hungaria ilikuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria, na wasomi wake walipotaka muziki wa kwao walisikiliza bendi za mijini, wakidhani kwamba nyimbo zile za starehe ndizo sauti ya kale ya taifa. Hata Liszt alidhani hivyo.

Mwaka 1904 Bartók alimsikia mtumishi kijana wa kike, mzaliwa wa Transylvania, akiimba wimbo wa kijijini kwao. Aliuandika. Wimbo ule haukufanana na vile vilivyoitwa muziki wa Hungaria katika kumbi za mjini. Kuanzia hapo yeye na mwenzake Zoltán Kodály walikwenda vijijini na mashine ya kunasia sauti kwenye silinda za nta, wakawaomba wakulima, hasa wazee, wawaimbie. Mwaka 1906 walichapa pamoja nyimbo 20 zilizosindikizwa kwa piano. Waligundua kwamba nyimbo kongwe za wakulima zilijengwa juu ya sauti tano, wala hazikufuata kanuni walizofundishwa chuoni.

Mwaka 1907 Bartók alifanywa profesa wa piano katika chuo kile kile. Katika miaka ya 1908 na 1909 alitunga vipande 85 kwa ajili ya watoto, na msingi wake ukawa nyimbo za wakulima wa Hungaria na wa Slovakia. Mahadhi aliyaacha karibu kama alivyoyapokea. Yeye aliongeza usindikizaji mwepesi. Kati ya 1926 na 1939 alitunga kazi kubwa zaidi, Mikrokosmos, yenye vipande 153 katika vitabu sita. Vitabu viwili vya kwanza alimtunukia mwanawe Péter, ambaye alianza kumfundisha mwaka 1933. Somo la kwanza ni jepesi mno: mikono yote miwili hupiga mahadhi mamoja, kila kidole juu ya kibao chake. Baadhi ya vipande aliviwekea maneno ili mwanafunzi aimbe huku akipiga. Kitabu cha mwisho kinamalizika kwa dansi sita za mdundo wa Kibulgaria, na ile ya mwisho kabisa ina mapigo manane yaliyogawanywa tatu, tatu na mbili. Mgawanyo huo si mgeni kwa sikio la Kiafrika.

Tusidhani kwamba kazi hiyo ilimletea sifa tupu. Bartók alikusanya pia maelfu ya nyimbo za Waslovakia na Waromania, na mwaka 1913 alifika Biskra, Algeria, kunasa nyimbo za Waarabu. Mwaka 1920, nchi yake ikiwa imetoka kupoteza maeneo makubwa kwa jirani zake, alishutumiwa na watu wa kwao kwa kuandika juu ya muziki wa Waromania. Hakuacha. Kwake yeye, kuupenda wimbo wa kijiji chako hakukuwa sababu ya kuuchukia wimbo wa kijiji cha ng'ambo ya pili. Mwaka 1940, Ulaya ikiwa vitani, alihamia Marekani, akafariki New York mwaka 1945.

Katika Afrika wako waliopita njia kama hiyo. J. H. Kwabena Nketia wa Ghana, aliyeishi kutoka 1921 hadi 2019, alitumia miaka mingi kuchunguza nyimbo za maombolezo na ngoma za Waakan, kisha akatunga vipande 12 vya kufundishia piano, vilivyochapwa mwaka 1994. Akin Euba wa Nigeria alihimiza upigaji wa piano unaochota mtindo wake katika ngoma, marimba na njuga za Kiafrika. Wote wawili walitanguliza masikio kwa wazee, ndipo wakaketi mbele ya kinanda.

Lakini lazima tuseme na mipaka. Sauti za piano zimekwisha pangwa na fundi. Kati ya kibao na kibao hamna njia. Zeze na ilimba za Wagogo zina mpangilio wao wa sauti, na baadhi ya sauti hizo huangukia pale ambapo piano haina kibao. Kuteleza kwa sauti ya mwimbaji hakuwezi kubonyezwa. Kwa hiyo piano haiwezi kuwa ghala la urithi wetu, na mwalimu anayedhani kwamba wimbo ukishapigwa kwa piano umekwisha hifadhiwa, anawadanganya wanafunzi wake. Ghala ni wazee wenyewe, ni ngoma zenyewe, na ni kumbukumbu za sauti zilizonaswa kwa uaminifu. Piano ni mgeni anayeweza kuujifunza wimbo wa mwenyeji, na kuutamka kwa lafudhi yake.

Basi jibu la swali letu limo katika mpangilio wa kazi. Bartók hakuanza na vibao akatafuta wimbo wa kuvijaza. Alianza na mwimbaji, akamsikiliza, akaandika, ndipo akamtungia mtoto somo. Mwalimu wa shule ya sekondari aweza kufanya vivyo hivyo hata kama shule yake haina piano ila kinanda kidogo cha umeme. Awatume wanafunzi kwa bibi na babu zao wakalete nyimbo za kutwanga, za mavuno na za kubembeleza watoto, kila wimbo ukiwa na jina la mwimbaji, kijiji na tarehe. Waziimbe kwanza darasani hadi wazijue. Kisha wazitafute kwenye vibao, na pale kibao kinapokosa sauti ya bibi, mwalimu awaambie wazi kuwa kilichokosa ni kibao, si bibi.