Adabu ya Kumjibu Mtu kwa Maneno Yake

Mwezi wa Oktoba mwaka 2025 ilitimia miaka 30 tangu kutangazwa kwa hati fupi iliyopewa nambari 1855 katika mfululizo wa nyaraka za kifundi za intaneti ziitwazo RFC, hati ambayo Sally Hambridge wa kampuni ya Intel aliikusanya kwa niaba ya jopo la mafundi, ili wageni waliokuwa wakimiminika mtandaoni wapate kujua kaida za wenyeji waliowatangulia. Hapakuwa na sherehe wala hotuba. Nami huenda nisingaliikumbuka, lau si jambo lililotufika katika ukoo wetu.

Kundi letu la WhatsApp lina jamaa wengi, waliotawanyika miji mbalimbali. Usiku mmoja binamu yangu alileta bishara kwamba bintiye amejifungua salama, na kabla pongezi hazijaanza, baba mdogo akaleta tanzia ya shangazi yetu aliyekuwa akiugua. Bibi mmoja wa makamo, akimkusudia mzazi, aliandika: "Alhamdulillahi, hizi ndizo habari tulizokuwa tukizingoja usiku na mchana." Jawabu lake likaangukia chini ya tanzia. Wafiwa wakalisoma pale pale, na maiti hajaoshwa. Siku ya tatu ya matanga nilimwona bibi yule ameketi mkekani mbele ya binti wa marehemu, simu mkononi, akipitisha kidole juu ya kioo na kurudia kusema, "Mwanangu, tazama mwenyewe saa, tazama nilikuwa namjibu nani."

Hati ya 1855 ilikwisha kulitazamia jambo hilo. Inamtaka anayejibu atie kiasi cha maneno ya mwenziwe kinachotosha kufahamisha, wala asizidishe. Inahesabu kuwa ni utovu mkubwa wa adabu kuirudisha barua nzima ya mtu pamoja na jawabu lako, pasi na kuondoa yasiyohusika. Na inatoa sababu ya amri hiyo, kwamba katika majadiliano ya hadhara mtu aweza kuliona jawabu kabla hajaliona swali.

Sababu hiyo leo yaonekana ngeni, lakini ndiyo asili ya habari yote. Mtandao wa Usenet, uliobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, na kuanza kazi mwaka uliofuata baina ya chuo hicho na kile cha North Carolina, haukuwa na makao makuu: kompyuta moja ilimpigia jirani yake simu, ikampa barua ilizo nazo, naye akampa mwingine, mfano wa habari ipitayo kutoka kisima hadi kisima. Vyombo vya mwanzo vilipitisha biti 300 kwa sekunde, yaani herufi 30 hivi, hata ukurasa mmoja ukachukua zaidi ya dakika nzima, na gharama za simu zikahesabiwa kwa kila aliyepokea na kupitisha. Barua ziliwahi kupishana njiani. Tena zilipokaa siku chache zilifutwa ili kupata nafasi. Basi aliyejibu "nakubali" peke yake hakuwa amesema neno, na aliyeyarudisha maneno yote ya mwenziwe alikuwa amewatoza majirani nauli ya mzigo walioupokea jana.

Baina ya ufupi usiofahamika na urefu unaogharimu ikazaliwa ada nzuri. Mwenye kujibu alianza kwa kutaja jina la msemaji na tarehe, kama vile wapokezi wa hadithi wasivyonena neno bila kumtaja aliyewasimulia; kisha akadondoa mstari mmoja au miwili, kila mstari ukitanguliwa na alama iliyo mfano wa ncha ya mshale; na chini yake akaweka jawabu:

> Nauli imepanda tangu lini?
Tangu Jumatatu.

Hayo ya mshale hayakupatikana bila ya nizaa, na kisa chake, kama kilivyosimuliwa katika kamusi ya istilahi za mafundi wa kompyuta iitwayo Jargon File, iliyohaririwa na Eric Raymond, chastahili kuelezwa kwa utulivu. Hapo awali mtu aliyetaka kunukuu aliyasogeza maneno ya mwenziwe ndani kidogo ya ukingo, na kazi hiyo aliifanya kwa mkono wake, hivyo hakunukuu ila kwa haja. Kisha programu za kusomea zikafundishwa kuyaingiza maneno yote kwa pigo moja la kitufe, na mshale mbele ya kila mstari. Mara watu wakaacha kupunguza. Barua ya mistari 60 ilirudi nzima, na mwishoni mwake neno moja la kusifu au la kutukana; na aliyemjibu huyo akairudisha tena kwa mishale miwili, na wa tatu kwa mitatu, hata maneno yenyewe yakasukumwa pembeni na kukatika vipande.

Waliosimamia mitambo, ambao ndio waliobeba gharama, wakaamua kuiachia mashine ihukumu: programu ya kupeleka barua ikaamrishwa kuhesabu mistari, na barua ambayo nukuu zake zimezidi maneno mapya ikakataliwa. Walidhani wamekwisha kuutibu ugonjwa. Lakini mashine haikujua nukuu ni nini. Ilijua mshale tu. Basi wako walioubadili mshale kwa alama nyingine ili usihesabiwe, na wako, nao walikuwa wabaya zaidi, waliojaza mistari mitupu isiyo na maana chini ya barua ili kuilinganisha mizani, wakaelezea hapo hapo kwamba mistari hiyo ni ya kuiridhisha programu. Hivyo sheria iliyowekwa ili kupunguza mzigo ikauongeza mzigo. Kwa rai yangu kosa halikuwa katika kuhesabu, bali katika kuitaka hesabu ifanye kazi ya haya.

Sisi watu wa Kiswahili jambo hili tulikuwa nalo kabla ya waya wowote. Barua zetu za kale zilifungua jawabu kwa kukiri kwamba waraka umewasili na yaliyomo yamefahamika, kisha zikayashika mambo moja moja. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipojibizana na washairi wa Lamu, na baadaye malenga walipojibizana magazetini, aliyejibu kwa ustadi aliyashika maneno ya mpinzani wake, akayageuza mbele ya hadhira, na kila mtu akajua neno gani lajibiwa. Hata karani wa masjala hathubutu kuandika barua ya serikali pasi na kutangulia na "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na." na tarehe yake. Yanihuzunisha kuona karani huyo huyo, akitoka ofisini jioni, anawajibu watu 200 kwa neno "Sawa" lisilojulikana linamhusu nani.

Yaliyofuata huko mtandaoni yaelezwa kwa maneno machache. Kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo waliingia Usenet, wakafundishwa kaida na wenyeji. Kuanzia mwaka 1993 makampuni yaliwafungulia watu wa kawaida mlango, na wageni wakawashinda walimu kwa wingi. Mwaka 1997 ilitoka programu ya barua pepe ya Microsoft iitwayo Outlook, iliyomweka mwandishi juu ya barua anayoijibu na kuiacha yote chini, kama jalada la ofisi ambalo karatasi mpya hukaa juu. Maofisini ikafaa, lakini barazani ikawa mtu husoma majawabu kwanza na maswali mwisho. WhatsApp ilileta njia ya kuushika ujumbe mmoja na kuujibu mwaka 2016, na tarehe 22 Februari 2024 kampuni ya Google ikaacha kupokea barua mpya za Usenet katika huduma yake ya makundi. Watengenezaji wa kiini cha mfumo wa kompyuta uitwao Linux wangali wakishikilia ada ile katika orodha yao ya barua pepe: punguza nukuu, jibu chini yake.

Bibi yule wa matangani hajapata kuzisikia habari hizo za Linux. Lakini tangu siku ile, kila ajibupo kundini kwetu, huushika kwanza ujumbe anaoukusudia, na juu ya hayo, kwa kutoiamini simu, huandika: "Namjibu mwanangu fulani, juu ya neno lake la asubuhi," ndipo akaendelea.